Ubavu Si Kimo

Msikilizaji, kuna sentensi inayosemwa sana katika vijiji vya Tanzania, na wengi wetu tumeikubali bila kuihoji: eka moja ni hatua sabini kwa sabini. Muuzaji huitamka, mnunuzi huitikia, mashahidi hutikisa vichwa, na shamba likapata mwenyewe mpya. Sentensi hiyo si uongo. Eka ina yadi za mraba 4,840, na ukiichukua hatua kuwa yadi moja, sabini mara sabini ni 4,900. Tofauti hiyo ni ndogo, haifai ugomvi. Ila kuna jambo ambalo sentensi hiyo haikulitaja, nalo ni kona. Shamba lenye pande nne, kila upande hatua 70, laweza kuwa mraba, na laweza pia kuwa limelalia upande mmoja kama fremu ya mlango iliyolegea. Likilala kiasi kwamba mtu akivuka moja kwa moja kutoka upande mmoja hadi upande unaouelekea anahesabu hatua 56 tu, eneo lake ni 70 mara 56, yaani yadi za mraba 3,920. Vigingi ni vinne vilevile, hatua za pembeni ni sabini zilezile, na karibu moja ya tano ya eka haimo. Hakuna aliyeng'oa kigingi usiku. Mnunuzi amelipia ardhi ambayo tangu mwanzo haikuwepo.

Nasema kwamba kosa hili limeanzia mahali ambapo hatukutarajia, kwenye umbo tunaloliona rahisi kuliko yote. Mstatili ndio uliotupotosha. Tulipokuwa darasa la nne au la tano tulifundishwa kwamba eneo ni urefu mara upana, na kwa mstatili kauli hiyo haikosei hata mara moja. Kwa sababu haikosei, tukaielewa vibaya: tukadhani eneo hupatikana kwa kuzidisha pande. Ukweli ni kwamba eneo hupatikana kwa kuzidisha kitako kwa kimo, na mstatili ni umbo lenye bahati ambalo ubavu wake ndio kimo chake. Umbo la kwanza linalotenganisha vitu hivyo viwili ni msambamba. Ndiyo maana nauhesabu msambamba kuwa mtihani wa kweli wa kujua kama mtu ameelewa eneo au amekariri maneno tu.

Turudi kwenye maana yenyewe. Tunaposema chumba kina mita za mraba 20, tunasema kwamba vigae vya mita moja kwa mita moja, vikipangwa bila kuacha nafasi na bila kupandana, vitaingia 20. Chumba cha mita 5 kwa 4 kina vigae vitano katika kila safu, na safu ni nne. Sasa tujiulize safu hizo nne zimetoka wapi. Zimetokana na umbali kati ya ukuta mmoja na ukuta unaouelekea, na kama kuta za pembeni zimesimama sawasawa, urefu wa ukuta wa pembeni unalingana na umbali huo. Zikijengwa kwa kulala, ukuta wa pembeni utakuwa mrefu kuliko umbali wenyewe, kama vile ngazi ya mita 5 iliyoegemezwa ukutani, mguu wake ukiwa mita 3 kutoka ukutani, inavyofika juu mita 4 tu. Ngazi ina mita 5, lakini hakuna fundi atakayekuambia kwamba dari unalolifikia kwa ngazi hiyo liko mita 5 kutoka sakafuni.

Lugha yetu inalijua jambo hili. Tuna neno urefu na tuna neno kimo. Mtoto anapopimwa kimo husimamishwa wima, visigino vikagusa ukuta. Akijikunja au akiegemea, urefu wa mwili wake ni uleule lakini kimo kimepungua. Nalo jina msambamba limetoka moja kwa moja katika neno sambamba: ni umbo ambalo pande zake mbili zimekwenda sambamba, na nyingine mbili zimekwenda sambamba vilevile. Hakuna sehemu ya jina hilo inayotaja kona. Mtoto anayejifunza hisabati kwa Kiswahili katika shule ya msingi ana bahati, kwa kuwa maneno yenyewe yanamfundisha kabla mwalimu hajachora kitu ubaoni. Inasikitisha tunapoyapita maneno hayo mbio ili tufike kwenye kanuni.

Kwa kuwa redio haina ubao, nakuomba uchukue vitu viwili vilivyo karibu nawe. Cha kwanza ni rundo la madaftari, kumi au ishirini, yaliyopangwa yakalingana. Tazama uso wa rundo kwa mbele: ni mstatili. Sasa sukuma madaftari kidogo kidogo, kila la juu likizidi la chini yake kwenda kulia, mpaka uso ule uwe msambamba. Hukuongeza daftari wala hukupunguza, kwa hiyo uso una eneo lilelile. Kimo hakikubadilika, kitako hakikubadilika, lakini pande za pembeni zimerefuka kwa sababu sasa zimelala. Cha pili ni fito nne zilizofungwa kwa kamba kwenye kona, zikafanya mstatili. Zisukume nazo zilale. Safari hii ubavu hauwezi kurefuka, maana ufito ni ufito. Kinachopungua ni kimo. Endelea kusukuma na fito zitalaliana mpaka ndani pasibaki kitu, ilhali mzingo, yaani jumla ya urefu wa pande zote, haukupungua hata kidole. Madaftari yamelala na eneo limebaki. Fito zimelala na eneo limetoweka. Anayeweza kueleza kwa nini mambo haya mawili yametofautiana ameelewa eneo, hata kama hajui kuandika kanuni yoyote. Eneo hufuata kitako na kimo. Ubavu hujirefukia na kubaki ulivyo bila kulipa eneo taarifa.

Mtu asifikiri kwamba kuzidisha pande ni kosa la wasiosoma. Katika hekalu la Edfu, Misri ya juu, kuna maandishi yaliyochongwa ukutani zama za wafalme wa nasaba ya Ptolemaio, miaka kama 100 kabla ya Kristo, yanayoorodhesha mashamba yaliyotolewa kwa hekalu. Eneo la kila shamba la pande nne limepatikana kwa kuchukua wastani wa pande mbili zinazoelekeana, kisha wastani wa zile mbili nyingine, na kuzidisha. Shamba la pembetatu nalo lilihesabiwa hivyohivyo, upande wa nne ukichukuliwa kuwa hakuna kitu. Kwa mstatili njia hiyo inatoa jibu sahihi. Kwa shamba lingine lolote inatoa jibu kubwa kuliko ukweli, na haikosei kwa upande mwingine kamwe: daima inazidisha, wala haipunguzi. Fikiria maana yake pale kodi inapotozwa kwa ukubwa wa shamba. Na hii ni nchi ileile ambayo zaidi ya miaka elfu moja kabla yake mwandishi Ahmose alinakili mafunjo ya hesabu yaliyohifadhiwa leo London, ambamo pembetatu inahesabiwa kwa kuchukua nusu ya kitako ili kuipata katika umbo la mstatili. Maarifa ya kukata na kupanga upya yalikuwepo. Mazoea ya kuzidisha pande yakaishi pembeni yake. Mwaka 628 mwanahisabati wa India, Brahmagupta, aliiandika njia hiyo ya wastani kama hesabu ya kukadiria tu, na papo hapo akatoa nyingine aliyoiita kamili. Kuhusu njia ya wastani, alijua kwamba jibu lina walakini, na alisema hivyo waziwazi. Huo ni uungwana ambao sentensi yetu ya hatua sabini kwa sabini haina.

Wagiriki nao walihangaika na binamu wa kosa hili, yaani kupima ukubwa wa mahali kwa kuuzunguka. Mwanahistoria Polybius aliwalalamikia watu walioshindwa kuamini kwamba Sparta, yenye mzingo wa stadi 48 (stadi ni kipimo cha umbali cha Wagiriki), ilikuwa na ukubwa mara mbili ya Megalopolis yenye mzingo wa stadi 50. Proclus, aliyeishi karne ya tano baada ya Kristo na kuandika ufafanuzi wa kitabu cha mwanajiometri Euclid, anataja jambo zito zaidi: watu waliogawana ardhi na wenzao, wakawaachia vipande vyenye mzingo mrefu na wao kuchukua vyenye mzingo mfupi lakini eneo kubwa. Waliodhulumiwa waliwasifu wenzao kwa uadilifu. Nauona ushahidi huo kuwa na uzito kuliko hoja yoyote ya darasani, kwa sababu unaonyesha kwamba hesabu ya eneo isipoeleweka na wote, anayeielewa peke yake anaweza kumdhulumu mwenzake hadharani na kushukuriwa.

Hapo mwalimu ataniambia: haya ni mazuri, lakini mimi nina wanafunzi wengi darasani, mtihani uko mbele, na kanuni ni fupi. Eneo la msambamba ni kitako mara kimo. Waandike, wakariri, wafaulu. Namheshimu mwalimu huyo, na mzigo wake naujua kuwa mzito. Lakini tazama kilichotokea kwa mwanasaikolojia Max Wertheimer, mzaliwa wa Prague aliyehamia Marekani mwaka 1933, ambaye kitabu chake kuhusu fikra kilitoka mwaka 1945, miaka miwili baada ya kifo chake. Aliingia darasa ambalo watoto walikuwa wamefundishwa msambamba kwa utaratibu mzuri kabisa: kushusha mistari wima, kuthibitisha, kufanya mazoezi. Kila mmoja alipata majibu. Kisha yeye akachora msambamba uleule ukiwa umesimamishwa kwa namna nyingine, kwamba mstari ulioshushwa kutoka kona ya juu unaangukia nje ya kitako. Baadhi wakasema hawajafundishwa hilo. Wengine wakachora mistari kama walivyozoea, wakakwama. Wachache wakaugeuza mchoro na kuendelea. Mwalimu wao aliona mgeni amewaonea kwa kuwapa umbo la ajabu. Umbo halikuwa la ajabu. Lilikuwa lilelile la jana.

Wertheimer aliwapa pia swali hilo watoto ambao hawakuwahi kufundishwa msambamba, bali walielewa tu vizuri jinsi mstatili unavyojazwa vimraba. Mmoja wao aliona kwamba upande mmoja wa msambamba wa karatasi una kasoro na upande wa pili una kasoro, kisha akagundua kwamba kilichozidi huku ndicho kinachopungua kule, akaomba mkasi. Mwingine aliikunja karatasi ikawa duara, ncha mbili zilizolala zikakutana, akataka kuikata wima. Watoto hao hawakuwa na kanuni yoyote kichwani. Walikuwa na jambo kubwa kuliko kanuni: walijua wanatafuta nini. Kwa hiyo jibu langu kwa mwalimu ni hesabu ya muda. Kipindi kimoja cha karatasi na mkasi kinalipa vipindi vitatu vya kurudia kanuni iliyosahauliwa, na kinamkinga mtoto na kosa la kushika namba mbili za kwanza anazoziona kwenye mchoro na kuzizidisha.

Kuna pingamizi lingine, nalo linatoka kwa mjuzi wa hisabati, na ni la haki. Atasema: kukata pembetatu upande mmoja na kuipeleka upande wa pili kunafaulu tu kama mstari ulioshushwa unaangukia ndani ya kitako. Msambamba ukilala sana, mstari unaangukia nje, na mkasi wako haujui pa kupita. Ni kweli, na hapo ndipo walipokwama watoto wa lile darasa. Euclid, miaka kama 300 kabla ya Kristo, alithibitisha kwamba misambamba yote yenye kitako kimoja na iliyo kati ya mistari sambamba miwili ileile ina maeneo sawa, ilale itakavyolala, na uthibitisho wake unatumia kuongeza na kuondoa pembetatu zilizo sawa. Lakini kuna njia ambayo mkono waweza kuigusa. Chukua kile kibomba cha boksi kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha. Kitazame: kina mshono unaokizunguka kama nyoka aliyejiviringisha mtini. Kibandue kwa kuufuata mshono huo, ukinyooshe, na utapata msambamba uliolala. Chukua kibomba kingine kama hicho, ukikate wima kutoka juu hadi chini, na utapata mstatili. Vibomba vilikuwa sawa, kwa hiyo maeneo ni sawa; kitako cha yote mawili ni mzunguko wa kibomba na kimo ni kimo cha kibomba. Msusi wa kapu la pwani anayeuzungusha ukili na kuushona mshono juu ya mshono anaijua siri hii kwa vidole: utepe mrefu uliolala unageuka kuwa ukuta uliosimama, wala hakuna ukindu uliopotea njiani. Yule mtoto aliyeikunja karatasi ikawa duara alikuwa amelijibu pingamizi la mjuzi kabla halijatolewa.

Ukishakubali msambamba, maumbo mengine hayana ugomvi. Pembetatu mbili zilizo sawa, moja ikigeuzwa kichwa chini na kubandikwa ubavuni mwa nyingine, hufanya msambamba. Ndiyo maana pembetatu ni nusu ya kitako mara kimo, na ile nusu haikushuka kutoka mbinguni. Trapeza mbili zikibandikwa vivyo hivyo hufanya msambamba ambao kitako chake ni jumla ya pande mbili zilizo sambamba. Mtoto anayebeba kanuni tano tofauti za maumbo matano anabeba mzigo usiohitajika, na atauangusha siku ya mtihani.

Wapo watakaosema kwamba siku hizi kuna vifaa vya satelaiti na wapima ardhi waliosajiliwa, basi mnunuzi wa kawaida ana haja gani na kimo? Mpima ardhi ana umuhimu wake. Lakini hata kompyuta yake, inapopewa kona za shamba na kuombwa eneo, hufanya kazi hiyohiyo: hulivunja umbo katika trapeza zilizosimama juu ya mstari mmoja, ikajumlisha zingine na kutoa zingine. Kanuni ya msambamba imo humo ndani. Na mauziano mengi hufanyika kabla mpima hajaitwa, kwa kamba na hatua, ambapo pesa hutolewa na maneno hukubaliwa. Nchini Kenya kiwanja cha futi 50 kwa 100 huitwa mara nyingi moja ya nane ya eka, ingawa moja ya nane ya eka ni futi za mraba 5,445 na hicho kina 5,000, tena kama kona zake ni mraba. Kifaa cha satelaiti hakitakusaidia kitu kwa ulichokwisha kukilipia jana.

Njia ya kujilinda haihitaji kifaa zaidi ya utepe wa kupimia, kamba, na mtu wa kushika upande wa pili. Mafundi waashi wanaifahamu: wakiisha kupima pande za msingi, hupima na ulalo, kutoka kona hadi kona inayoikabili, mara mbili. Pande zinazoelekeana zikiwa sawa, na ulalo zote mbili nazo zikawa sawa, kona ni mraba na unaweza kuzidisha urefu kwa upana kwa amani. Ulalo zikitofautiana, simama. Vuta kamba kutoka kona moja hadi upande unaouelekea, ikutane nao kwa pembe mraba, na kama upande huo ni mfupi, urefushe kwa kamba nyingine mpaka zikutane. Hicho ndicho kimo. Kiwanja kilichoandikwa mita 30 kwa 20, pande zinazoelekeana zikiwa sawa, kinapaswa kuwa na ulalo wa mita 36 na kidogo kila upande. Ukikuta ulalo mmoja una mita 24 na mwingine una mita 45, kimo chake ni mita 16, na eneo lake ni mita za mraba 480. Usilipie 600.